Gigabaiti Arubaini za Fundi

Mazin alikuwa amekaa barazani nje ya nyumba ya Bi Tabia, Kiponda, uso ameuelekeza kwenye dirisha lililofungwa, anazungumza na mbao.

"Andika d, halafu f. Acha nafasi. Kistari, halafu h. Bonyeza Enta."

Mpita njia mmoja mwenye kapu la samaki alisimama akamsikiliza kidogo.

"Yakhe, unasoma uradi gani huo?"

"Natengeneza kompyuta."

"Iko wapi?"

"Ndani."

"Na wewe mbona uko nje?"

Mazin hakumjibu. Jibu lilikuwa refu na muda hakuwa nao, kwa hiyo nitamjibia mimi.

Bi Tabia, mjane wa marehemu Sleiman, alikuwa na studio ya video za harusi katika chumba cha chini cha nyumba yake, pale palipokuwa duka la mumewe. Lakini usidhani alipiga kila harusi. Ile ya wanaume, ya msikitini, kanzu na halua, hiyo aliwaachia wengine. Yeye alipiga ya kina mama: kusingwa bibi harusi kwa liwa na manukato, kupambwa, na ile sherehe ambayo mabuibui yanavuliwa mlangoni, nywele zinaachiwa, na bibi mzima wa miaka sitini anakata kiuno kama hana wajukuu. Mikanda ile haitazamwi na mwanamme, awe baba, awe kaka, awe nani. Kila mama mwenye binti aliapiwa hivyo na Bi Tabia kabla kamera haijatoka mkobani, na ndiyo maana aliitwa kazini kuanzia Malindi mpaka Mkokotoni. Wapiga video wengine walikuwa na kamera nzuri kuliko yake. Yeye alikuwa na neno lake.

Sasa fundi wake wa kompyuta alikuwa mwanamme, na hilo Bi Tabia alilitafutia dawa mapema. Mwaka elfu mbili na nne, virusi vilipokula harusi mbili kwa wiki moja, Mazin aliifuta mashine yote akaiwekea Linux, mfumo usioshikwa ovyo na virusi, kutoka kwenye diski za bure alizoletewa kwa posta. Akaigawa ndani mafungu mawili, kila moja na neno lake la siri: fungu la Bi Tabia, lenye filamu zote, na fungu la fundi, lenye zana zake. Akaapishwa asilichungulie la mwenzake. Akaapa. Kwa miaka miwili, kila Ijumaa asubuhi, alikuja kuisafisha mashine akiwa peke yake chumbani, na hakuchungulia hata siku moja. Hilo nakuhakikishia, maana mengine nitakayokueleza juu yake hayapendezi.

Jumamosi ile kompyuta ikaganda. Na ikachagua siku ya kuganda, loo! Bibi harusi wa wiki ile, Abeer, alikuwa anaondoka na boti ya saa tisa u nusu kwenda Dar, na kutoka huko ndege mpaka Maskati kwa mumewe. Mama mkwe wake huko Maskati hakuhudhuria harusi, mguu ulikuwa unamuuma, na alichoomba ni kimoja tu: aione sherehe kwa macho yake. Mama yake Abeer, Bi Sichana, alikuwa ameshaahidi. Filamu ilikuwa tayari, imeshaungwa, imebaki kuandikwa kwenye dividii. Ndipo mashine ikasema nafasi imekwisha, ikaacha picha moja kwenye kioo: Abeer kitini, nywele mgongoni, mabega wazi. Kila kitufe ukibonyeza, yuko vile vile.

Mazin alipofika mbio kutoka Vuga alikuta mlango umekomewa.

"Shikamoo, Bi Tabia."

"Marahaba. Usiingie! Abeer yuko wazi hapa kwenye kioo."

"Zima kioo basi, niingie mie."

"Nikizima kioo, mle ndani atakuwa hayupo?"

Mazin akafikiri. Ni mtu mkweli katika mambo ya ufundi. "Atakuwepo."

"Basi kaa hapo hapo ulipo."

Akamwelekeza binti wa Bi Tabia, Salhiya, abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, na kweli, picha ikaondoka, pakabaki weusi mtupu na mstari mmoja wa maandishi. Mazin akasimama, akajipangusa kanzu.

"Sasa naweza kuingia. Hamna picha tena, ni herufi tu."

"Abeer kenda wapi?" Bi Tabia akauliza.

"Yuko nyuma ya hizo herufi."

"Kama yeye yuko nyuma ya herufi, wewe kaa nyuma ya dirisha."

"Na usijisumbue kuusukuma mlango, mwanangu," akasema Bi Sichana, ambaye alikuwa ameuegemea kwa ndani. "Mie nina kilo tisini, alhamdulillahi."

Hiyo ndiyo sababu ya Mazin kuzungumza na mbao. Akaandika neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi, akakipenyeza chini ya mlango, Salhiya akaingia kwa jina la fundi. Neno lenyewe lilikuwa "pwezawanazi". Ndani kukasikika kicheko cha Bi Sichana.

Na hapa lazima nimvue nguo Mazin, maskini, maana mpaka sasa unamwona kijana mwema anayesaidia watu. Nafasi ile iliyokwisha, aliyeimaliza ni yeye.

Mambo yalianza hivi. Salhiya alikuwa anasoma chuo, Tunguu, na kila Ijumaa alikuwapo nyumbani. Alikuwa akimletea fundi chai, anaiweka pembeni ya kibodi, anasema, "Karibu chai, fundi." Mazin alikuwa akiijibu ile kibodi: "Ahsante." Miaka miwili. Huyu ni mtu anayeweza kukuzungumzia diski kutwa nzima mpaka ukalala, lakini mbele ya Salhiya alikuwa bubu. Mwisho akamwendea shangazi yake, Bi Biasha, akamlilia, na Bi Biasha akapeleka posa. Akajibiwa, "Tutakuleteeni jibu." Siku ile ya Jumamosi ilikuwa ya kumi na nane, na jibu halijaja.

Lakini Mazin alikuwa na hofu nyingine iliyoanza hata kabla ya posa. Kaka yake, Muhannad, alipokuwa akiozeshwa, msikiti umejaa, ami yake bibi harusi amemshika mkono, alitakiwa aseme maneno machache tu ya kumkubali mke. Midomo ikamkauka. Akamtazama yule mzee machoni, mzee wa ndevu mpaka kifuani, akamwambia kwa sauti kubwa, "Nimekubali kukuoa." Watu walicheka mpaka kofia zikaanguka. Mwaka wa tano huu, na Muhannad akipita Darajani bado kuna watu wanamuuliza mzee hajambo.

Mazin akasema mie hayo hayanipati. Ijumaa moja alikuwa anajaribu waya wa kamera, akaielekeza usoni mwake, na mara akajiona anasema, "Nimekubali kumuoa Salhiya binti Sleiman kwa mahari tuliyokubaliana." Alipojitazama, alikuwa ameyumba katikati. Akarudia. Ijumaa iliyofuata akarudia tena. Akaona akad, ile ndoa yenyewe, bila ya wali wa kumwozesha bibi harusi haina maana, basi akawa yeye ndiye Ami Mmanga, ndugu wa marehemu Sleiman, akihamia kiti cha pili, anakohoa kama Ami Mmanga, anavuta maneno kama Ami Mmanga, halafu anarudi kiti chake mbio kujijibu. Baadaye akaongeza na mama wa bibi harusi, taulo kichwani, analia kwa furaha. Alifika mara arubaini na moja. Kila moja aliihifadhi apate kuona kama anaendelea, na mkanda wa kamera ukiingizwa kwenye mashine bila ya kukandamizwa unakula nafasi kama moto wa makuti. Akazificha zote kwenye folda moja katika fungu la fundi, folda yenye nukta mwanzoni mwa jina, maana Linux ukiiambia ikuonyeshe kilichomo, chenye nukta mwanzoni haikuonyeshi. Na jina la folda? Mjinga yule akaipa jina la anayempenda.

Basi fikiria. Mtu ambaye posa yake haijajibiwa, kumbe kashajiozesha mwenyewe mara arubaini na moja, ndani ya nyumba ya mkwe, kwa kamera ya mkwe, kwa umeme wa mkwe. Zikionekana filamu zile, posa imekwisha. Mazin alilijua hilo vizuri, na pale barazani jasho lilikuwa linamtoka hata chini ya kofia.

"Imesema diski imejaa mia kwa mia," Salhiya akasoma. "Iliyobaki, sifuri."

"Na tunahitaji ngapi?" akauliza Bi Tabia.

"Tano," Mazin akajibu. "Gigabaiti tano, tuandike dividii."

Angeweza kumwambia aifute ile folda hapo hapo. Lakini Salhiya alikuwa na tabia ya kusoma kila herufi kwa sauti kabla ya kubonyeza Enta, na mama yake yuko begani kwake. Mazin akaona atafute tano zake kwa njia ya halali kwanza. Akamwamuru asafishe vifurushi vya programu ambavyo vilikwisha kazi: ikapatikana gigabaiti moja. Akamwamuru akate daftari la mashine, ambamo kompyuta inajiandikia yenyewe kila kilichoipata tangu iwashwe: ikapatikana nusu na ushei. Akamuuliza pipa la taka la Bi Tabia lina nini.

"Mie situpi kitu," akasema Bi Tabia.

"Kweli," Salhiya akasema. "Tupu."

Vikaokotwa vya kuokotwa, faili za muda, mabaki ya kazi zilizokatika, mpaka wakafika mbili na robo. Mashine ikapata pumzi, na Salhiya alipoirudisha picha, ile programu iliyoganda ikafunguka ikafungika vizuri. Filamu ya Abeer haikudhurika. Bi Sichana akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini bado karibu tatu, na saa imeshapita sita.

"Futa mmoja katika hawa wa zamani," akasema Bi Sichana. "Wako wangapi humo? Huyu Basma, kwa mfano. Huyu si kashaachika?"

Mazin barazani akaitikia kwa kichwa, kana kwamba wanamwona. Futeni, alisema moyoni. Futeni Basma, Mungu atamlipa.

"Kaachika," akasema Bi Tabia. "Lakini siku ile alipendeza. Na aliyemsinga ni mama yake, na mama yake sasa hivi yuko wapi? Yuko kaburini. Nyinyi mnamwona Basma. Basma akija hapa, anakuja kumwona mama yake anacheka. Mara mbili kaja. Simfuti."

Bi Sichana akamwombea marehemu rehema.

"Haya, huyu mwengine?" akajaribu tena, pole pole.

"Bi Sichana, hawa wote wako kwangu amana. Leo nikimfuta mtoto wa mwenzio, kesho atafutwa wako."

Na hapo ndipo Salhiya, ambaye alikuwa anapiga hesabu, akafungua mdomo. Mazin alimpenda kwa akili yake, na mara ya kwanza maishani akatamani asingekuwa nayo.

"Mama, hebu. Hesabu hii haitimii. Diski nzima ni mia na hamsini. Harusi zetu zote nimezijumlisha, ni mia na tano. Mashine yenyewe inahitaji tano. Arubaini ziko wapi?"

"Zimeliwa," Mazin akasema haraka. "Diski inakula, ndiyo kawaida yake."

"Arubaini?"

"Hali ya hewa ya hapa mbaya. Chumvi."

"Fundi," akasema Salhiya, "kuna amri ulimwonyesha mama siku moja, inayopima kila fungu limekula kiasi gani. Ni ipi?"

"Aa, haina haja hiyo."

"Basi usijali, nshaikumbuka."

Vitufe vikalia. Mazin akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na sinia la mikate akamuuliza kama tumbo linamuuma.

"Imekuja," akasema Salhiya. "Tabia, mia na tano. Fundi, arubaini."

"Fundi?" akasema Bi Tabia. "Fundi gani? Fundi si wewe?"

"Ndiyo, Bi Tabia."

"Una kitu gani humu ndani cha gigabaiti arubaini?"

"Zana. Zana zangu za kazi."

"Zana zenye ukubwa wa harusi saba! Mtoto wa watu boti inamwacha, mwenzangu hapa roho mkononi, na wewe umejaza mazana yako! Toa! Toa hivi sasa!"

Wallahi, Mazin alifurahi. Katika maisha yake hajapata kutukanwa akafurahi kiasi kile. Amri ilikuwa imetoka kwa mwenyewe mwenye nyumba: toa.

"Naam, Bi Tabia! Hivi sasa! Salhiya, rudi kwenye weusi. Andika r, m. Acha nafasi. Kistari, r, f. Acha nafasi."

"Ngoja. Nimeangalia hapa ndani ya fundi, hamna kitu."

"Zimefichwa, zisiharibike. We andika tu. Nukta. Halafu s. Halafu bonyeza Tab, halafu Enta, haraka haraka, usingoje."

Alikuwa amelifikiria hilo, na ni ujanja wenyewe. Ukiandika herufi ya mwanzo ukabonyeza Tab, mashine inamalizia jina lenyewe, huhitaji kulitaja. Alisahau kitu kimoja tu, kwamba inalimalizia mbele ya macho ya mtu.

Vitufe vikalia: nukta. S. Tab. Na Enta? Enta haikulia.

"Bonyeza Enta," akasema Mazin.

Enta haikulia bado.

"Salhiya. Enta. Ile kubwa ya kulia."

"Hili jina langu," akasema Salhiya.

Sijui kama umewahi kuona mtu akitafuta viatu vyake vikiwa miguuni. Mazin alivitafuta. Alikuwa ameshaamua kwenda Kendwa, aombe kazi hotelini, abebe mabegi ya Wataliano mpaka uzee umkute huko. Lakini miguu haikuondoka, kwa sababu Salhiya aliirudisha picha ndani, Mazin akasikia panya ya kompyuta ikibonyezwa, mara mbili, na mara akaisikia sauti yake mwenyewe ikikohoa kama Ami Mmanga.

"Nimekuozesha, wewe Mazin, binti yetu Salhiya binti Sleiman..." Kiti kikakwaruzwa. Miguu ikakimbia. Kiti kingine. "Nimekubali kumuoa... kumuoa... Astaghfirullah. Tena."

"Msitazame!" Mazin akapiga dirisha. "Bi Tabia, msitazame, hiyo ni siri! Hiyo amana!"

"Amana ya nani?" Bi Sichana akapiga kelele, na kicheko kikamkaba. "Hee! Tabia, mtazame! Kakimbilia kiti! Kamkanyaga Ami Mmanga!"

"Na huyu mwenye taulo kichwani ni nani?" akauliza Bi Tabia.

Kutoka ndani ya mashine ikasikika sauti nyembamba ikilia, "Mwanangu mie, mwanangu mie, hata kupika hajui!"

"Huyo ni mimi?" akasema Bi Tabia. "Huyo ni mimi?"

Bi Sichana aliteremka na mlango taratibu mpaka akakaa sakafuni. Alicheka akaishiwa na sauti, akawa anapiga mlango kwa kiganja tu. Wanawake watatu ndani wakitazama filamu ya mwanamme, na mwanamme nje akiomba asitazamwe: mambo yalikuwa yamepinduka, na Mazin hakuwa na wa kumshitakia. Akakaa barazani, akajifunika uso kwa kofia yake. Kwa heri, alisema moyoni. Kwa heri, binti Sleiman.

Salhiya aliifungua ya kwanza, ya kumi, ya thelathini. Zote amekosea. Halafu akafungua ya mwisho, ya arubaini na moja, ya jana yake.

Kicheko kikapungua, kisha kikakatika. Mazin akainua kichwa. Ile alikuwa ameisahau. Ile hakuwa na taulo, wala hakuhamia kiti cha pili. Alikaa tu mbele ya kamera, siku ya kumi na saba bila ya jibu, chai ya Salhiya pembeni imepoa.

"Nimekubali kumuoa Salhiya," ikasema sauti yake mle ndani, na haikuendelea. Halafu ikasema kwa taabu, kama mtu anayezuia kilio akashindwa: "Salhiya, kama hunitaki niambie, nijue. Nakupenda mpaka naumwa. Nashindwa kukwambia hata ahsante ya chai."

Mazin alisikia hatua zikija, na mtu akasimama upande wa pili wa dirisha, karibu kabisa na mbao.

"Mbona hukuniambia?" akauliza Salhiya.

"Nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kukosea."

"Umekosea zote."

"Najua."

"Miaka miwili nakuletea chai unaitazama kibodi! Shangazi yako alipokuja, mama akaniuliza. Msichana akiulizwa posa hunyamaza, ndiyo kukubali kwake, sote tunajua. Miye nilishindwa kunyamaza. Nikamwambia mama, huyu mtu hajapata kuniambia neno moja, nitajuaje kama ananitaka yeye au ananitaka shangazi yake? Mama, sikusema hivyo?"

"Ndivyo ulivyosema," akajibu Bi Tabia kutoka nyuma. "Na mie sikuwa na la kumjibu Bi Biasha."

Siku kumi na nane Mazin alikuwa hali, halali, anadhani Bi Tabia ndiye aliyekataa, kwa ukali wake ule. Alitaka kusema kitu kizuri. Akafungua mdomo, akasema, "Ahsante kwa chai."

Bi Sichana akaangua kicheko tena. "Ya Rabbi! Kaikumbuka!"

"Sasa basi," akasema Bi Tabia. "Saa saba hii. Salhiya, binti wa mwenzangu anasafiri. Rudi kwenye mashine."

Hatua zikaondoka dirishani. Vitufe vikalia, na safari hii Enta ikalia pia, kwa nguvu.

"Nshafuta," akasema Salhiya.

"Zote?" akauliza mama yake.

"Zote arubaini na moja."

Mazin alikuwa ameomba zifutwe tangu asubuhi, na zilipofutwa akaona kama kafutwa yeye.

"Hata ile ya mwisho?" akauliza.

"Nshaisikia," akasema Salhiya. "Niiweke ya nini? Miye nataka mtu, sitaki mkanda. Nafasi iliyobaki sasa ni gigabaiti arubaini na mbili. Nnaandika dividii ya Abeer."

Mashine ikaanza kuvuma. Bi Sichana aliinuka sakafuni, akajipangusa, akasema kila aendapo harusini atawahadithia watu kisa hiki mpaka wamfukuze. Bi Tabia akamwambia akithubutu, mkanda wa mwanawe utaonyeshwa Forodhani. Halafu akaja yeye mwenyewe dirishani.

"Mazin."

"Naam, Bi Tabia."

"Ijumaa ijayo usije."

"Sawa, Bi Tabia."

"Wala ile nyengine. Huingii tena humu kutengeneza kitu. Mashine atasafisha Salhiya, nimemwona leo, anaiweza. Na mie silii vile."

"Ndiyo, Bi Tabia. Nisamehe."

"Nyamaza, sijamaliza. Nakuuliza mbele ya Bi Sichana awe shahidi. Salhiya, mwanangu, njoo hapa. Umemsikia huyu kijana. Mie nampenda kwa neno moja: miaka miwili alikuwa na funguo za watoto wa watu wote humu ndani, na kitu pekee alichokitazama ni sura yake mwenyewe, tena mbaya. Sasa nakuuliza tena, kama nilivyokuuliza siku ile. Unasemaje?"

Mazin akaweka sikio lake kwenye mbao. Alisikia mashine ikizungusha dividii ya Abeer. Alisikia baiskeli ikipita kwa nyuma, na muuza kahawa akigonga vikombe vyake huko mbele. Kutoka ndani, kwa Salhiya aliyesema bila ya kupumzika tangu asubuhi, hakusikia hata neno moja. Akangoja. Akaona anakufa.

"Amesemaje?" akauliza.

Jibu likawa vigelegele vya Bi Sichana, virefu, vya kilo zote tisini, mpaka madirisha ya jirani yakafunguliwa.

"Hajasema kitu," akasema Bi Tabia, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, inalia hasa kama kwenye ule mkanda. "Kanyamaza. Nenda kamwite shangazi yako."